Bakteria Hawakung'aa Mbele ya Baba

Mama,

Baba alikuja. Nilimwalika siku ya wageni hapa chuoni Nyeri, naye akatoka Kiganjo na akina mama wa kikundi chako cha kanisa, wote na vitambaa vyao vya bluu kichwani.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiniuliza ukimenya viazi, "Hao wadudu wako wa stima nitawaona lini?" Hukuwaona. Nilitaka basi wao wawaone kwa niaba yako.

Niliwaeleza kama nilivyokueleza wewe: kuna mnyama laini wa baharini anayeng'aa. Tunachukua jeni yake, yaani maagizo ya kutengeneza ile protini ya kung'aa, tunawapoza bakteria kwenye barafu, tunawashtua kwa joto kidogo, nayo inaingia. Wakizaana, hata watoto wao wanayo. Nikazima taa, nikawasha ile ya zambarau inayowafanya wang'ae.

Giza, Mama. Hakuna kilichong'aa.

Mtu alikohoa. Mama Njoki akasema, "Ati labda ni macho yetu." Halafu Baba akapiga makofi. Peke yake.

Kosa lilikuwa langu. Nilipopika chakula cha bakteria nilisahau kutia arabinosi, sukari inayoiwasha ile jeni. Bila hiyo, jeni imo ndani lakini haifanyi kazi. Niliwaambia hivyo nikiangalia sakafu. Baba akasema, "Hiyo si neno. Utatuita tena."

Sikumwita. Niliwahamishia bakteria walewale kwenye sahani zenye sukari, na kesho yake wakang'aa, kijani kama mpunga wa Mwea. Lakini kila nikishika simu nilisikia yale makofi, nikaiweka chini.

Jumamosi akajileta mwenyewe.

Alipowaona alishika ukingo wa meza. "Na vile mama yako alikuwa anauliza hii kitu," akasema. Akalia. Baba, Mama. Hata kaburini kwako hakulia. Na mimi... mimi niligeuka nikaanza kuosha chupa ambazo zilikuwa safi. Nikamwacha alie nyuma yangu mpaka akachukua kofia yake akaenda.

Aibu ya zile sahani imeisha. Hii nyingine sijui niiweke wapi.

Pumzika, Mama. Jumapili naenda Kiganjo, na sitabeba kitu cha kumwonyesha. Nitaketi naye jikoni, nimuulize habari zako, na akilia sitageuka.

Mimi wako,
Wangari