Masale ya Mama na njia ya kutembea bure

Nyamitaba, Jumapili jioni, mwezi wa kumi na moja, 1953

Mvua imekatika sasa hivi na ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Viatu vyangu vya kanisani vimejaa tope. Nina hasira, nimechoka, na leo nimecheka hadi mbavu zikauma. Sijui nianze na lipi.

Nianze na njia.

Madame, mke wa yule mzungu mwenye shamba la pareto hapo juu, ametengeneza njia ya kutembea. Si ya kwenda mahali. Ya kutembea tu. Inaanza nyuma ya nyumba yake, inazunguka kilima polepole, inajikunja huku, inajikunja kule, ili mtu asihisi kwamba anapanda. Mwisho wake ni benchi. Wageni wanakuja na motokari kutoka Goma, wanavaa kofia, wanashika fimbo, wanakwenda hadi kwenye benchi, wanakaa, wanarudi. Hawakufuata kuni. Hawakupeleka maziwa. Hawakwenda kumwona mgonjwa. Mtu mzima mwenye afya yake anapanda mlima mikono mitupu, anafika juu, anasema "Ah!", kisha anashuka kwenda kula.

Njia zetu zinapanda moja kwa moja, maana anayepanda ana shughuli huko juu. Mama zetu wanazipanda na kitunga cha viazi mgongoni, mkanda umewakaza kwenye paji la uso, na bado wanabaki na pumzi ya kumsengenya mtu.

Kwenye benchi, Madame anawaambia wageni, siku isiyo na ukungu utaliona ziwa. Siku isiyo na ukungu, hapa Masisi! Upande wa pili unaonekana msitu wa Walikale, mweusi, hauna mwisho. Huo wageni wanaupenda sana. Baba yangu aliingia mle kufanya kazi ya barabara nikiwa mdogo, na hakutoka. Sikumwambia Madame. Angesema "Ah!" mara ya pili.

Njia ilipokwisha kulimwa, Madame aliiona tupu. Alitaka kitu cha kupendeza pande zote mbili. Akatazama huku na huku, macho yake yakaangukia masale ya Mama.

Mtu yeyote wa milima hii, awe mkulima au mfugaji, anajua sale ni nini. Ule mti mwembamba wenye majani marefu si ua la mapambo. Ni mpaka. Unaupanda mbele ya jirani na watu wengine, na kilicho ndani yake ni chako. Ukishapandwa haung'olewi, haunyooshwi, hausogezwi hata kidole kimoja. Masale ya shamba la Mama aliyapanda baba, kabla tu ya kwenda Walikale. Hakutuachia kitu kingine.

Madame hakujua. Sawa. Tangu afike hapa hajaona sababu ya kujua lolote. Lakini kapita wake, msimamizi wa vibarua, ambaye amezaliwa Bihambwe na amekulia katikati ya masale, alijua vizuri sana. Aliwaongoza watu wakayang'oa yote asubuhi moja, Mama akiwa kwenye misa. Nilipomfuata alitazama viatu vyake.

"Njo vile Madame amesema, mwalimu. Miye nitasema nini?"

Ungesema hapana, mjinga wewe. Neno fupi kuliko yote. Lakini kapita ana koti alilopewa na Monsieur, mume wa Madame, na ndani ya koti lile hapana haiingii.

Haikuchukua muda, ng'ombe wa Papa Sebagenzi, jirani yetu, wakaingia kwenye maharage. Walikula mistari yote ya chini. Nilikwenda kwake na maneno makali niliyoyapanga njiani.

"Ng'ombe haijue kusoma, mwalimu," alinijibu, akiendelea kukamua. "Ilikuwa inaona miti. Sasa haione miti. Mupaka iko wapi? Unionyeshe, mi nitafukuza ng'ombe."

Sikuwa na cha kumwonyesha. Mashimo tu. Na mashimo hujaa mvua zikinyesha, na ng'ombe akishazoea kula mahali, mwenye ng'ombe naye huzoea. Ikifika mavuno mawili watu wangeanza kusema shamba lilikuwa la Sebagenzi siku zote.

Basi nikaenda kwa Madame. Mimi, mwalimu, ninayefundisha watoto kusema bonjour. Nilivaa tai. Nilieleza kwa Kifaransa safi, nikisimama barazani. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, akanipa biskuti mbili, akasema lakini mashamba ni mengi na miti ile imependeza sana pale ilipo. Nikasema asante. Nilikula zile biskuti njiani, moja baada ya nyingine, nikijidharau kwa kila tafuno.

Jumapili iliyopita njia ilifunguliwa. Madame aliita kijiji kizima kije kushangaa. Wageni walisimama upande mmoja, sisi upande wa pili, na Madame, kwa mikono yake, akapanda masale mawili ya mwisho penye mwanzo wa njia. Watu wakapiga makofi. Mama hakupiga. Alikuwa anatazama kulia, anatazama kushoto, masale huku, masale kule, na watu wote wamesimama. Nilifikiri anajizuia kulia.

Kesho yake akachukua jembe.

Asubuhi nzima alilima katikati ya njia ya Madame. Alipandisha matuta makubwa, akachomeka mashina ya viazi vitamu, tuta baada ya tuta, kuanzia pale mwanzo. Mtu wa kofia na fimbo angelazimika kuruka kama chura. Kapita alifika akipiga kelele hadi mishipa ya shingo ikasimama.

"Mama, uko unaharibu njia ya Madame!"

"Njia gani?" Mama hakuinua kichwa. "Hii njo shamba yangu. Miti ni ya bwana yangu. Madame amepanda mbele ya watu wote, na wewe ulikuwa unapiga mikono."

Kapita akaamuru vibarua wasawazishe matuta. Hakuna aliyeinua jembe. Hakuna mtu wa hapa atakayeng'oa mazao yaliyo katikati ya masale ya mwingine. Mshahara wa Monsieur haufiki huko. Kapita akamwita Papa Sebagenzi, akidhani yule mzee, kwa kupenda majani ya shamba letu, atasema vile anavyotakiwa kusema.

Papa Sebagenzi alikuja na fimbo yake ya kuchungia, akatazama matuta, akamtazama Mama.

"Miye napenda majani," akasema. "Ng'ombe yangu inapenda majani. Lakini juu ya mupaka sitadanganya. Niliona Madame akipanda. Hapa ni kwa Mama ya mwalimu."

Nilikuwa nimemdharau mzee huyu wiki nzima. Leo naandika hapa kwamba nilikosea, na naandika kwa shingo upande.

Basi nikaitwa tena kwenye baraza. Safari hii hapakuwa na biskuti. Wageni wengine walikuwa wanakuja Jumapili, na njia imeota viazi. Mama anataka nini? Mama, aliyesimama chini ya ngazi na jembe lake, alisema jambo moja: aliyeng'oa ndiye arudishe, kwa mkono wake, palepale, jirani akiwepo, watu wakiona. Akifanya hivyo, matuta atayaondoa mwenyewe.

Nilitafsiri. Nilingoja radi ipige.

Madame akaunganisha viganja vyake kwa furaha. Desturi! Desturi ya wenyeji, na wageni wake wangeiona! Aliuliza kama kutakuwa na ngoma.

Nikasema hapana, hakuna ngoma.

Ndivyo leo baada ya misa, chini ya mvua nyembamba, tulivyoshuka wote hadi shambani. Wageni walikuja na miavuli na mashine ya picha. Mmoja aliteleza kwenye mavi ya ng'ombe akasema maneno ambayo sifundishi darasani. Kapita alibeba masale begani, lile koti limelowa, na hakuna aliyemsaidia. Papa Sebagenzi alisimama upande wake, sisi upande wetu. Na Madame, katika sketi yake nyeupe, akapiga magoti kwenye tope la shamba la Mama na kurudisha sale la kwanza, kisha la pili, kisha lingine, huku akigeuka kila mara kuitazama mashine ya picha.

Mama alikuwa anasema kwa sauti, kila mti ulipokaa:

"Ameng'oa yeye, amerudisha yeye. Wote mumeona."

Na watu wote, pamoja na Papa Sebagenzi, wakajibu:

"Tumeona!"

Madame aliniuliza wanasema nini. Nikamwambia wanamkaribisha. Hapo ndipo kicheko kiliponishika, nikajifanya nakohoa. Alipiga magoti mbele ya kijiji kizima na kukiri alichukua kisicho chake, na alikuwa anatabasamu. Alipomaliza alimshika Mama mkono, akaniomba nimwulize kama sherehe hii nzuri inaweza kufanywa kila Jumapili.

Nilitafsiri ombi hilo neno kwa neno, ili Mama naye apate kucheka. Hakucheka.

Mama alitimiza ahadi. Baada ya wageni kuondoka alibomoa matuta, akayabeba mashina ya viazi kwenye kitunga, akarudi nyumbani kwa njia ileile ya Madame, ile ndefu ya kujikunja. Mimi nikamwuliza kama haoni aibu.

"Aibu ya nini? Iko muzuri kwa goti yangu," akasema. "Sababu watu walilima vizuri. Wale wa kofia njo hawajue kazi yake."

Tulitembea polepole na kitunga nikakibeba mimi, jambo ambalo kijiji kitalizungumza hadi Noeli.

Kitu kimoja tu kinanikaa rohoni. Sale la kona ya chini, lile la kwanza kabisa alilolipanda baba, Madame alilipanda vibaya. Alikuwa amechoka, mvua ilikuwa inazidi, akalisukuma tu kwenye shimo. Limeinama kabisa, upande wa Walikale. Kabla hatujaondoka shambani nilinyoosha mkono nilisimamishe. Mama akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Uache. Likishapandwa halinyooshwi."

Akautazama mti, kisha kule ulikoelekea, ambako leo kulikuwa na ukungu tu.

Kesho nafundisha asubuhi. Nitatoka mapema, nishuke kwa njia yetu ya zamani, ile inayonyooka, nipite shambani kuona kama lile sale limeshika.