Laptop Yenye Tumbo la Mbuzi

Waithera uko? Naandika haraka, usijali makosa.

Ni ile laptop ya Mwongeli ya kwenda chuo. Tumetoka dukani hapa Kibwezi tukikimbia!!

Laptop zilizotoshea pesa yetu ya kuuza ndengu zilikuwa mbili tu. Moja nzee ya mikwaruzo, ingine inang'aa kama kiatu cha arusi. Mwongeli mjukuu wangu akashika ya kung'aa. Kuiweka mezani, ikayumba. Nikapapasa chini. Tumbo limevimba!

Nikamwambia muuzaji, kijana yangu, mbuzi wa tumbo hivi hata sokoni Kyuso hanunuliwi. Akacheka. "Shosho, hii haili nyasi!" Duka yote ikacheka. Mwongeli akaona haya, "Susu, nyanya yangu, wacha kuniaibisha." Akaipakata magotini.

Magotini, Waithera!

Nikainyakua, sijui nguvu ilitoka wapi. Muuzaji akanipokonya kwa hasira, "Ona sasa, hakuna kitu." Akakandamiza lile tumbo na kiganja. Ikalia fssss. Moshi. Halafu moto. Akairusha barabarani akipiga nduru.

Eti muuzaji ananiambia "ni betri tu shosho." Betri tu!!

Tumekaa kwa ngazi ya kanisa. Mwongeli ameshika sketi yangu kama wakati alikuwa na miaka mitatu. Anauliza kama ile ya mikwaruzo bado iko. Nimesema kesho, na nitaipapasa tumbo mimi mwenyewe.

Kitendawili: dakika moja kabla ya moto, ile ya kung'aa ilikuwa wapi?

Usitegue, mama. Niombee tu.