Kumi na Nane ya Patrobas

Jumanne, 9 Juni 1981

...na bado nasema kumi na nane ni nyingi! Jana tulibishana mpaka chai ikapoa. Patrobas wangu — mume wangu tangu Pasaka! — anakata nyasi kwenye klabu ya gofu, na Jumatatu, wakubwa wakipumzika, wafanyakazi huruhusiwa kucheza. Sasa amepewa namba yake. Wanaiita hendikapu. Kumi na nane! Fundi wa trekta, ambaye ndiye bingwa wao, ana nne tu. Nne! Asubuhi nilimwambia jirani yetu Mama Wakiuru pale mferejini, na sasa mtaa wote wa Ziwani unajua.

Jumatano, 10 Juni

Aibu! Patrobas amecheka hadi akashika ukuta. Kumbe si alama za mtihani. Ni mapigo unayosamehewa. Alimwaga njiti za kibiriti mezani akanionyesha: akimaliza uwanja kwa mapigo tisini, wanamtolea kumi na nane, yanabaki sabini na mawili. Bingwa hutolewa manne tu. Hivyo anayejifunza anaweza kushindana na bingwa, na bingwa akatoka jasho. Kadiri unavyojua mchezo ndivyo namba yako inavyopungua.

Nikamuuliza: Basi wewe si hodari? Akasema: Bado. Lakini mkono umeanza kufunguka, niangalie tu.

Macho yale! Nikasahau njiti, nikasahau na mboga ya sukuma wiki jikoni. Iliungua. Tuliila.

Mama Wakiuru naye hajaniacha. Eti ukisikia mwanamke anamsifu mumewe kwa kushindwa, ujue ni bibi arusi.

Jumamosi, 13 Juni

Omolo, rafiki wa Patrobas wa kazini, ameleta habari. Mwezi ujao kuna shindano la wafanyakazi. Zawadi ya kwanza — cherehani! Ya kukanyaga kwa miguu! Mimi niliyesoma ushonaji hadi Form Four, na sasa nashona vitambaa vya viti kwa mkono! Nimeshajiona mlangoni hapa, nikishonea watoto wa mtaa mzima sare za shule.

Patrobas alikuwa ananitazama nikisema hayo.

Jumatatu, 15 Juni

Amerudi bila mluzi wake. Tisini na tano, akasema, bila kuniangalia. Amekula kidogo. Mkono si ulikuwa umefunguka?

Jumanne, 16 Juni

Nimejua. Omolo alipita kuazima pasi, akadhani nimeambiwa.

"Shemeji, mwambie asilegee. Jana amekosa vizuri sana! Mpira ulikuwa karibu na shimo kama hapa na hilo jiko, akausukuma kando. Jumatatu ijayo akose tena, kumi na nane inabaki. Siku ya shindano anapiga mchezo wake wa kweli, wanamtolea mapigo yote hayo — cherehani ni yako!"

Nilicheka naye. Alipoondoka nikakaa kitandani nikalia. Anakosa kwa ajili yangu! Nani amewahi kupendwa hivi? Lakini uso ule wa jana — mimi sikuolewa na uso ule.

Jumapili, 21 Juni

Nimemwambia najua anakosa kusudi. Tulikuwa tunatoka kanisani, amebeba Biblia zetu zote mbili. Akasimama njiani. Akasema alitaka tu niwe na kitu changu. Nikasema: Nataka namba yako. Ile ya kweli. Akauliza, na ikiwa ndogo, tukakosa mashine? Nikasema vidole ninavyo.

Alinishika mkono. Barabarani, mchana kweupe, na wazee wa kanisa nyuma yetu!

Jumatatu, 22 Juni

Mluzi! Nimeusikia tangu kona ya kwanza. Nikamkimbilia: Umepiga ngapi? Hasemi! Namba mpya zitabandikwa ukutani klabuni wikendi hii, ataka nikaisome kwa macho yangu. Nimembembeleza, nimemfinya — wapi!

Mara Omolo akapita nje. Hakuingia. "Shemeji, huyu bwana yako amegawa cherehani yako bure!" Patrobas akamjibu shindano bado halijachezwa. Omolo akasema haya, bingwa, tutaona. Lakini sauti yake ilikuwa na hasira kidogo.

Sasa Patrobas anaosha viatu vyake vya mchezo kwenye karai, bado anapiga mluzi, nami nashona pindo la gauni langu la maua. Kwa mkono. Nimemwambia nitakwenda kuisoma hiyo namba kabla mwezi haujaisha, hata kama itatugharimu cherehani.