Kaka Saidi na Baba wa Kwenye Filamu

Jumamosi usiku

Nilipanga kumwambia kaka Saidi kwanza, mama baadaye. Sasa sijui.

Leo nilimfuata kazini, pale kwenye ukumbi wa video wa mtaa wa Bwiza anapotafsiri filamu kwa mikrofoni. Ilikuwa filamu ya Kifaransa. Binti wa rika langu anamwambia baba yake kwamba ana mimba. Kifaransa nakisikia, yule baba alisema polepole, "Njoo ukae. Umekula?"

Saidi akanguruma: "Toka mu nyumba yangu! Mi sina mutoto malaya!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Na mimi nikapiga, nisije nikatazamwa.

Njiani nikamuuliza mbona alibadilisha maneno. Akacheka. "Baba gani wa hapa anaongea vile? Wangenizomea."

Labda ni kazi tu. Lakini hakusita hata kidogo. Maneno yale alikuwa nayo tayari mdomoni, na tumbo langu halitafichika kwa muda mrefu...

Sasa hivi amegonga mlango wangu. "We dada, umekula?"

Kwa sauti ileile ya polepole. Nimejifanya nimelala.