Nani Anaivaa Barakoa ya Babu?

Chumba cha kona, ghorofa ya nne,
Ndani ya meli,
Baharini.

Jumatano, tarehe 14 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako. Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Na mapacha wameshakubali kulala chumbani kwao, au bado wanawabana ninyi kitandani? Mimi sijambo. Kichefuchefu cha mwanzo kimekwisha na sasa natembea bila kushika ukuta. Babu na Bibi nao wapo. Ningependa kuandika kwamba hawajambo, ila sina hakika, kwa hiyo naandika tu kwamba wapo.

Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Simu ya hapa iko kaunta, mbele za watu, na Babu husimama ubavuni kwangu akinitilia maneno mdomoni. Unanijua, nikitazamwa sauti hupotea. Karatasi hainitazami. Kesho tunatia nanga tena, nami nitashuka niitie posta kwa mkono wangu mwenyewe. Sitampa mtu.

Kabla ya yote, asanteni ninyi watoto wao kwa kuwalipia safari hii. Wazee walioinamia nguo za watu maisha yao yote wanastahili kuketi wakahudumiwa. Ila Babu bado hajastaafu. Kila mhudumu akipita na sahani, yeye haangalii chakula, anaangalia upindo wa suruali. Juzi alimtazama mmoja mpaka akatokomea, akasema, "Yule kashonewa na adui yake."

Sasa nije kwenye kazi uliyonipa. Tangu nimalize shule hii ndiyo kazi yangu ya kwanza, nami nimejitahidi kuifanya vizuri. Mashine ya Babu ya kupumulia usingizini sikuiweka kwenye mizigo mikubwa, niliipakata mwenyewe kama mtoto mchanga. Langoni mlinzi aliifungua, akavuta ule mpira mrefu, akamtazama Babu kwa jicho baya. "Mzee, hiki nini?"

"Pua ya akiba," Babu akamjibu. "Hii niliyozaliwa nayo imechoka."

Mlinzi hakucheka. Alikagua barua ya daktari, akatuachia mashine, lakini waya wetu wa kuunganishia umeme akauchukua. Alisema nyaya za majumbani haziruhusiwi melini kwa sababu ya moto. Tulipofika chumbani tukakuta tundu la umeme liko mezani, mbali na kitanda. Mhudumu wa vyumba akatuletea waya wa meli. Bibi amembandika jina la Bwana Mataulo, maana kila siku hukunja taulo zikawa bata au sungura. Ni mtu wa tabasamu jingi mno. Nilimtilia shaka tangu siku ile.

Nilifanya kama ulivyonielekeza. Chumba changu kimepakana na chao na ufunguo wao ninao. Kila asubuhi naosha barakoa ya mashine, naianika mbali na jua, na jioni najaza kile kikopo maji maalumu yasiyo na chokaa. Kisha naangalia kioo cha mashine. Kila asubuhi kinanionyesha kile kiuso cha kijani kinachotabasamu, maana yake barakoa imevaliwa usiku kucha. Nilifurahi, nikajisifu kimoyomoyo.

Mashaka yangu yalianzia mezani. Babu alisinzia kijiko kikiwa mdomoni. Watu wa meza ya jirani wakacheka, Bibi naye akacheka, akasema bahari inambembeleza. Mimi sikuweza. Uliniambia tulipoagana kwamba mwenye maradhi ya kukatika pumzi usingizini, akilala na mashine, huamka mwepesi, na kwamba moyo wa Babu hauwezi tena kuvumilia kulala bila ile hewa. Sasa mbona uso wa mashine unatabasamu na uso wa Babu umevimba?

Siku iliyofuata alisinzia akishuka ngazi. Mguu ukakosa kidato, na abiria mmoja aliyekuwa nyuma akamdaka kwa ukosi wa shati. Babu akakisingizia kiatu. Nilikikagua kile kiatu, Shangazi. Hakikuwa na kosa lolote.

Tena kuna mngurumo. Unapita ukutani mpaka kwangu, unapanda, unakatika, kisha unarudi kwa kishindo. Nilimuuliza Babu. "Hiyo injini, mchumba," akasema. "Meli kubwa lazima ingurume." Nikaamini, mpaka nilipokumbuka kwamba injini ya meli haikatiki ikanyamaza kisha ikashtuka kama mtu aliyepaliwa.

Hapo nikaanza kumshuku kila mtu. Niliishuku mashine, nikasoma kile kijitabu chake mwanzo hadi mwisho. Niliyashuku maji, nikayaonja. Kisha nikaona kamba za barakoa. Kichwa cha Babu unakijua, kofia zake hushonwa kwa agizo. Lakini asubuhi ile nilikuta kamba zimekazwa, zimekuwa za kichwa kidogo. Nikazilegeza. Kesho yake nikazikuta zimekazwa tena. Nikajiambia kwamba mashine haina macho, haijui inampulizia nani.

Basi ni nani? Mawazo yangu yalimwendea Bwana Mataulo, Mungu anisamehe. Ana kichwa kidogo kama embe. Ana ufunguo. Na siku hiyohiyo nilimsikia mlangoni Babu akimnong'oneza, "Waya uhamishie upande ule wa pili, ila mtoto asijue." Naye akajibu, "Hajui kitu, mzee." Mtoto ni nani humu kama si mimi? Nilikaa kitandani mwangu. Niliwaza labda Babu amemkodishia mashine. Niliwaza labda yule mtu naye anaumwa na Babu amemwonea huruma, maana huruma ya Babu haina breki. Mara mbili nilikwenda kaunta kumshtaki, na mara mbili niliulizwa nisaidiwe nini nikaomba peremende. Kwa mara ya kwanza naishukuru aibu yangu.

Jana meli ilitia nanga, abiria wakashuka kutembea. Babu akasema wao watapumzika, mimi niende na wengine nikaone mji. Alinihimiza kupita kawaida. Nikaaga, nikafika hadi darajani pa kushukia, nikageuka. Nilifungua mlango wao taratibu, nikijua nitamkuta Bwana Mataulo amejilaza.

Aliyelala alikuwa Bibi. Barakoa imemkaa usoni, kamba zimemkaa sawasawa, kifua kinapanda na kushuka vizuri. Babu alikuwa kitini kando yake, macho mekundu, anashona kifungo. Aliponiona akaweka kidole mdomoni, akanitoa nje kwenye ujia.

"Umeshaona," akasema. "Sasa funga mdomo."

"Babu, kwani Bibi naye anaumwa?"

"Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nakoroma, nitamsikiaje mwenzangu? Shangazi yako alipoleta hii mashine ikaninyamazisha. Ndipo nikamsikia. Anakoroma, halafu kimya. Kimya, mchumba! Unahesabu, unamngoja avute hata pumzi moja." Alipangusa uso. "Tunapokezana. Yeye anaanza, mimi namalizia. Mbona cherehani moja tuliitumia watu wawili na ninyi nyote mkasomeshwa?"

Unaikumbuka ile cherehani kuliko mimi, wewe uliyelala chini yake ukiwa mchanga. Nilimuuliza kwa nini hawakusema. Akasema ukijua, utamchukua Bibi umpeleke huko kwenu kwenye hospitali kubwa, naye atabaki nyumba tupu na mashine. Kisha akaniapisha nisikwambie. Sikuapa, Shangazi. Nilinyamaza tu, na kwa kuwa mimi hunyamaza siku zote, akadhani nimekubali.

Leo asubuhi nilimfuata Bibi kule nyuma kwenye viti vya jua. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano. "Njoo, mke mwenzangu," akaniambia. "Naona mume wetu kakueleza."

"Amenieleza. Mnapokezana."

"Tunapokezana. Mimi naanza, katikati ya usiku ananiamsha namvisha yeye. Haki bin haki."

Sijui swali lililofuata lilitoka wapi. Nadhani ni vile viuso vya kijani na kamba zilizokuwa zimekazwa mpaka asubuhi. "Bibi, jana alikuamsha?"

"Jana..." Akatoa uzi mdomoni. "Jana nilichoka sana."

"Juzi je?"

Aliitazama ile sindano kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. Nikaona inamjia polepole, siku moja nyuma ya nyingine: hakuna hata mara moja aliyoamshwa. Usiku kucha alilala na hewa ya mumewe, na mumewe mgonjwa wa moyo alilala bila.

"Mzee mwongo," akasema, na sauti ilikuwa ndogo. "Kila asubuhi ananiambia, 'Ulivyonivisha hata hukufumbua macho vizuri.' Na mimi namwamini!" Akasimama. "Zahanati ya meli iko wapi?"

Nilimpeleka. Daktari alimpima, akamuuliza kama anakoroma. Bibi akakakamaa. "Mimi sikoromi. Mimi napumua kwa sauti." Tena akanigeukia mimi: "Na wewe ukimwandikia shangazi yako, maana najua utamwandikia, andika hivyohivyo." Basi nimeandika.

Daktari alisema mashine moja haifai watu wawili, hata wakipokezana kwa haki. Nguvu ya hewa imepimwa kwa Babu peke yake, na Bibi naye lazima apimwe akishuka. Bibi alitikisa kichwa. "Kumbe hata hewa hukatwa kwa kipimo cha mtu." Hapa melini hawana mashine ya ziada. Wakatupatia mito ya kumwegemeza Bibi, wakasema alale kwa ubavu, na kuanzia leo alale chumbani kwangu ili nimsikilize. Babu akaitwa. Nilitegemea ugomvi. Akasema ndiyo, sawa, vizuri, asante daktari. Babu! Mtu anayebishana na saa ya ukutani! Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko uongo wote uliotangulia.

Na hofu yangu haikuchelewa. Mchana tulipokula, Bibi alikwenda kunawa mikono. Babu akanisogelea, akaninong'oneza, "Mchumba, mimi nimeshalala sana maishani. Jioni ukimaliza kujaza maji, hiyo mashine iache kwenye chumba chenu. Siku chache tu zimebaki. Nani atajua?"

"Hapana, Babu," nikasema.

Shangazi, sijui nilisemaje, maana meza tatu ziligeuka na mhudumu akasimama na sahani mkononi. Babu alinitazama kama mtu aliyeongeleshwa na kabati. Sikuliondoa lile neno. Nililirudia. Akainamisha uso, akawa anakata mkate wake vipande vidogo asivyovila.

Kwa hiyo naomba jambo moja, tena kwa haraka. Tafuta mashine ya Bibi na daktari wa kumpima kabla hatujashuka meli hii. Usiseme tutaona. Maadamu ndani ya nyumba ile kuna mashine moja na watu wawili, Babu hataivaa. Atakuapia kwamba anaivaa, kioo kitatabasamu, na sote tutaamini mpaka siku ambayo hataamka. Mimi nitamlinda hizi siku zilizobaki, lakini nikirudi kwetu, watabaki wawili wenyewe.

Na tafadhali usimchukue Bibi umpeleke huko. Najua utataka. Wapimwe pamoja, walale chumba kimoja, kila mmoja na hewa yake. Ukipiga simu usianze na ukali. Anza kwa kumuuliza Bibi habari za bahari, kisha mwambie umesikia kwamba anapumua kwa sauti.

Bwana Mataulo leo ametukunjia tembo. Nilimshukuru kwa sauti, akashtuka. Bado sijamsamehe kabisa kwa kuhamishia waya upande wa Bibi bila kuniambia.

Msalimie mumeo, mwambie kofia aliyomnunulia Babu ilikuwa ndogo kama tulivyotabiri. Wasalimie mapacha, na binamu mkubwa, na yule mdogo wao mnayemwita Kijiko. Babu na Bibi wangekusalimu kama wangejua naandika leo. Bibi anajua nusu, basi pokea nusu ya salamu. Mungu awalinde mlalapo, awaamshe wote mliolala.

Nikupendaye kwa moyo wote,
mtoto wa kaka yako,
Kimya.