Kidonge na Mchemsho wa Shangazi

Wewe, shangazi yangu fundi cherehani ataniua. Amejiaibisha mara mbili asubuhi moja.

Si unajua anavyosinzia juu ya cherehani, kavaa sweta na jua lote hili, mumewe akimwita mvivu? Basi hospitali walishasema ni tezi ya shingo, inafanya kazi kwa kusuasua. Wakampa kidonge cha kila asubuhi.

Yeye akaenda pia kwa tabibu wa dawa za Kichina, akapewa mizizi ya kuchemsha. Leo tabibu kamshika mkono, kamtazama ulimi, kasema moto wa figo, kwa lugha yao joto la mwili, bado umefifia, ndiyo maana anasikia baridi.

Shangazi akajitapa. Eti kidonge cha hospitali anakimeza kwa mchemsho wa mizizi, "dawa zisije zikaoneana wivu kama wake wenza."

Tabibu akaweka kalamu chini. "Mama, rudia."

Akarudia. Tena anatabasamu.

Tabibu akamwambia aende hospitali sasa hivi akaseme vilevile. Daktari naye aliposikia akashika kichwa. Kidonge humezwa kwa maji, tumbo likiwa tupu; mchemsho unakizuia kufanya kazi, ndiyo maana vipimo vya damu havijasogea. Mizizi aiache kwanza.

Shangazi kanywea kabisa. Mumewe aliyemsindikiza yuko pembeni anacheka chini chini.

Daktari akamgeukia. "Na wewe mzee, huyu si mvivu. Anaumwa."

Shangazi akainua kichwa taratibu. "Daktari, rudia hapo. Huyu hasikii vizuri."

Daktari akarudia. Mume kabeba mkoba na sweta ya shangazi mpaka nyumbani.