Barua ya Mbeti Yarudi na Maksi

Mukami, ebu keti kwanza. Mbeti, jirani yangu hapa Umoja, ametoka kwangu sasa hivi na mtoto wake Wanza. Analia tu.

Juzi alimwandikia hedimasta wa ile shule ya Kilutheri barua ya siri, kwamba mwalimu wa Kiswahili anamchapa Wanza hadi mgongo unavimba.

Leo mtoto amerudi nayo. Imesahihishwa! Kwa kalamu nyekundu! Mwalimu mwenyewe aliisoma mbele ya darasa zima, akaipa maksi kumi na moja kwa thelathini.

Mbeti akampigia hedimasta, naye akamwambia: "Mama, mwalimu pia ana haki ya kujua anasemwa nini."

Kalamu nyekundu, Mukami!!

Nikasema kesho twende ofisi ya elimu. Wanza akamshika mamake mkono: "Mum, tafadhali usiandike tena."

Mbeti akajibu, "Sitaandika."